Sauti Iliyochongwa Katika Nta: Kuzielewa Fonografu na Silinda Zake

Ni kopo la karatasi ngumu, refu kidogo kuliko kikombe cha chai. Lebo imefifia, kifuniko kimelegea. Ukilifungua unakuta pamba imebandikwa ndani pande zote, na katikati ya pamba hiyo kuna silinda ya nta, bomba fupi la rangi ya kahawia, lenye mng'ao wa sabuni iliyokauka. Lipeleke penye mwanga wa dirisha uligeuze polepole: mwili wake wote umechorwa mifuo myembamba mno, imezunguka kutoka ncha hadi ncha kama uzi uliokazwa kwenye kibiringo. Ndani ya mifuo hiyo kuna mtu anaimba. Aliimba zaidi ya miaka 120 iliyopita, na huenda uimbaji wake wa siku ile haupo popote pengine duniani ila hapo mkononi mwako.

Wengi wanaoanza kukusanya fonografu, zile mashine za zamani za kurekodi na kucheza silinda, huvutwa na mashine: pembe iliyochanua kama ua, sanduku la mti wa mwaloni, mkono wa kutia ufunguo. Mashine ni nzuri, nami nazipenda. Lakini mashine hufunguliwa, husafishwa, hutiwa kamani mpya, ikaendelea kufanya kazi. Nta haina fundi. Ikipasuka imekwisha, ikiliwa na kuvu imekwisha, na ikichezwa kwa kichwa (kile kibebacho sindano) kisicho chake, kila mzunguko unakwangua kitu ambacho hakirudi. Kinachowaponza watu ni kwamba vitu vinne au vitano tofauti vinaitwa kwa jina moja tu, "silinda", na kila kimoja kina masharti yake.

Fonografu si gramofoni

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Fonografu husoma silinda. Gramofoni husoma santuri, yaani ile sahani bapa. Tofauti haiishii kwenye umbo. Katika silinda, sindano hupanda na kushuka, kwa sababu sauti imeandikwa kwa kina: mahali mfuo ni wa kina kirefu, mahali ni kifupi, kama barabara ya vilima na mabonde. Katika santuri za Emile Berliner, aliyepata hataza ya gramofoni yake mwaka 1887, kina hakibadiliki. Mfuo huyumba kushoto na kulia kama njia ya nyoka. Kichwa kilichotengenezwa kusoma vilima hakiwezi kusoma mayumbo.

Jina la tatu ni grafofoni. Hilo lilikuwa la wapinzani wa Thomas Edison, mvumbuzi wa fonografu, na baadaye likabaki kwenye mashine za kampuni ya Columbia. Nyingi katika hizo zinacheza silinda zilezile, ila vipuri vyake haviingiliani na vya Edison. Kwa hiyo ukiona tangazo la "gramofoni ya silinda", fahamu kwamba muuzaji hajui vizuri anachouza. Uliza maswali mengi zaidi.

Kutoka karatasi ya bati hadi nta

Mtu wa kwanza kuandika sauti ya hewani hakukusudia kuisikiliza. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alipata hataza ya kifaa chake mwaka 1857: kiwambo kilichotingishwa na sauti, na unywele mgumu uliochora mtikisiko ule juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Alitaka sauti ionekane kwa macho, basi. Mwaka 2008 watafiti walipiga picha za karatasi yake ya mwaka 1860 na kuzigeuza kuwa sauti kwa kompyuta, watu wakasikia wimbo mfupi wa Kifaransa ambao hata mwenyewe hakuwahi kuusikia ukirudi.

Thomas Edison aliirudisha sauti mwaka 1877, katika maabara yake ya Menlo Park, New Jersey. Fundi wake John Kruesi ndiye aliyeunda mashine yenyewe: ngoma ya shaba iliyozungushiwa karatasi ya bati, kiwambo chenye ncha, na mkono wa kuzungusha. Hataza ilitolewa Februari 1878. Dunia ilishangaa, lakini karatasi ya bati ilikuwa kitu cha maonyesho tu. Ilichezwa mara chache ikachakaa, na ukishaivua kwenye ngoma huwezi kuirudisha palepale. Edison akaiacha kwa miaka kadhaa, akashughulika na taa za umeme.

Hatua ya kuelekea nta ilitoka kwingine. Katika maabara ya Volta mjini Washington, Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, wakifanya kazi pamoja na Alexander Graham Bell, walitambua kwamba sauti isibonyezwe kwenye bati bali ichongwe kwenye nta. Hataza zao zilitolewa mwaka 1886. Silinda zao zilikuwa karatasi ngumu iliyopakwa nta juu. Edison aliposikia alirudi mbio kwenye uvumbuzi wake wa zamani, na mwaka 1888 akaleta fonografu iliyoboreshwa, yenye silinda ya nta tupu kutoka ndani hadi nje. Faida yake ilikuwa kwamba ungeweza kuikwangua sauti ya zamani, ukapata uso mpya na kurekodi tena.

Neno "nta" lenyewe linadanganya kidogo. Si nta ya nyuki. Mkemia wa Edison, Jonas Aylsworth, na wenzake walifikia mchanganyiko ambao kwa kweli ni aina ya sabuni ya metali: asidi za mafuta zilizochemshwa na magadi na kiasi cha aluminiamu, kisha zikachanganywa na nta za madini ili zisifyonze unyevu. Ukilijua hilo, mambo mengi ya baadaye yanaeleweka yenyewe: kwa nini huota kuvu, kwa nini hupasuka kwa joto la mkono, kwa nini maji ni adui.

Rangi inakuambia nini

Silinda ya kawaida ina urefu wa inchi 4 na robo hivi, na upana wa inchi 2 na kidogo. Kwa macho ya mgeni zote ni bomba moja. Kwa mkusanyaji, rangi na mlio wa kitu chenyewe hueleza takriban kila kitu.

Ya kahawia ndiyo ya zamani zaidi utakayoweza kuipata kwa urahisi: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900. Rangi yake huanzia ile ya maziwa yaliyotiwa chai hadi kahawia iliyoiva. Nyingi hazikuandikwa jina la wimbo kwenye ukingo. Jina lilikuwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya kopo, na karatasi hiyo mara nyingi imepotea. Ndiyo maana mwanzoni mwa rekodi kuna mtu anayepaza sauti akitangaza wimbo, mwimbaji na kampuni. Watu hudhani ni mbwembwe za zamani, kumbe tangazo lile ndilo lebo.

Nyeusi ilikuja mwaka 1902, na hapa ndipo biashara nzima ilipobadilika. Kabla ya hapo hakukuwa na njia nzuri ya kuzalisha nakala. Mwanzoni msanii alisimama mbele ya pembe kadhaa, kila pembe na mashine yake, akaimba, wakabadilisha nta, akaimba tena, siku nzima. Baadaye walinakili kwa mtambo kutoka silinda moja hadi nyingine, lakini silinda mama ilichakaa haraka, msanii akaitwa tena. Edison alitatua tatizo hilo kwa kalibu: silinda ya kwanza ilifunikwa na utando mwembamba wa dhahabu ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha ikajengewa ganda la metali kwa umeme. Nta mpya ngumu ilimiminwa ndani ya ganda, ikapoa, ikasinyaa kiasi cha kuchomoka bila kuharibu mifuo. Edison aliziita "Gold Moulded" kwa sababu ya dhahabu hiyo, wala si kwa sababu ya rangi. Columbia nayo iliuza nyeusi zake za kalibu. Hizi ndizo nyingi kuliko zote sokoni.

Nyeusi nyingine, ya mwaka 1908, inafanana nayo sana na ndiyo inayowatia watu hasarani. Inaitwa Amberol. Silinda za awali zilikuwa na mifuo 100 kwa kila inchi. Amberol ina 200. Hesabu ni rahisi: mifuo ikichukua karibu inchi 4, silinda ya zamani inatoa mizunguko isiyozidi 400, na kwa mwendo wa mizunguko 160 kwa dakika unapata dakika 2 na kitu. Ongeza mifuo maradufu, unapata dakika 4. Lakini nta yake ni kavu, na Amberol inajulikana kwa kupasuka bila sababu inayoonekana. Tazama ukingo: ukiona "4M" kabla ya namba, ni ya dakika 4. Inamishe kwenye mwanga pia, utaona mifuo imebanana kiasi cha uso kuonekana kama hariri.

Bluu ni ya mwaka 1912, Blue Amberol, nayo si nta kamwe. Ni bomba la seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, juu ya kiini cha plasta. Ukiigonga kidogo kwa ukucha, inalia kama kitu kigumu kisicho na uhai. Nta hutoa mlio mfupi, mzito, wa kunyamaza. Edison hakuwa wa kwanza kutumia seluloidi. Kampuni ya Lambert ya Chicago iliuza silinda za seluloidi tangu mwaka 1900, maarufu zaidi zikiwa zile za waridi ambazo wakusanyaji huzisaka hadi leo, na kampuni ya Indestructible ya Albany, New York, ikafuata mwaka 1907. Blue Amberol ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1929, Edison alipofunga biashara ya rekodi kabisa. Jambo ambalo muuzaji mara nyingi hakuelezi: kuanzia mwaka 1915 hivi, nyingi hazikurekodiwa moja kwa moja. Zilinakiliwa kutoka sahani bapa za Edison, yaani pembe ya mashine moja iliimba mbele ya mashine nyingine. Sauti yake ina ukungu fulani, na ukisikia mara mbili tatu utaitambua.

Halafu kuna silinda za ofisini. Mabosi walisomea barua zao ndani ya mashine za kunakilia maneno, na makarani wakazisikiliza na kuzipiga chapa. Nta hizo zina urefu wa inchi 6, na biashara yake ilidumu hadi miaka ya 1940. Muuzaji akikuambia ana "silinda kubwa adimu ya muziki", pima urefu kwanza. Hata hivyo usizidharau: nta ya ofisini isiyokwanguliwa huenda imebeba sauti ya mtu akizungumza kawaida, na mazungumzo ya kawaida ya wakati ule ni haba kuliko nyimbo.

Kila nta na kichwa chake

Nikiulizwa jambo moja tu la kumwambia anayeanza, ningemwambia hili. Kichwa ni kile kitu cha duara kilichobeba kiwambo na sindano. Sindano ya silinda si ya chuma kama ya gramofoni. Ni jiwe, ama yakuti ama almasi, lililosuguliwa kwa umbo maalumu. Mfuo wa dakika 2 ni mpana, unataka jiwe pana. Mfuo wa dakika 4 ni nusu ya upana huo, unataka jiwe dogo.

Kwa mashine za Edison, kichwa cha Model C kina yakuti ya kusoma nta za dakika 2. Model H kina yakuti ya dakika 4. Model K kina mawe mawili, unakizungusha kupata unalolitaka. Vichwa vya almasi vilitengenezwa kwa ajili ya Blue Amberol, na uzito wake unaokandamiza silinda ni mkubwa zaidi, kwa sababu seluloidi inavumilia.

Sasa changanya. Weka Model H juu ya nta ya dakika 2: jiwe dogo linazama chini ya mfuo na kuukwaruza. Weka Model C juu ya Amberol ya nta: jiwe pana linakaa juu ya kingo mbili kwa pamoja na kuzisaga. Weka almasi juu ya nta yoyote: mzunguko mmoja unatosha, na utaona unga mweusi ukikusanyika mbele ya sindano. Ule unga ni muziki. Nimeona mtu akiupuliza kwa mdomo huku akitabasamu, akidhani ni vumbi la miaka mingi.

Kuna kosa la pili linaloambatana na hili. Katika fonografu nyingi, mfuo hauvuti kichwa. Kichwa kinabebwa na parafujo ndefu inayozunguka pamoja na silinda na kukisogeza kwa mwendo maalumu. Mashine iliyotengenezwa kwa dakika 2 pekee inasogeza kichwa kwa kasi maradufu ya ile inayotakiwa na mifuo ya dakika 4. Ukiweka Amberol humo, jiwe litaruka mifuo hata kama kichwa ni sahihi. Kuanzia mwaka 1908 Edison aliuza gia za ziada za kubadilisha mashine za zamani, kwa hiyo fonografu ya mwaka 1900 inaweza kuwa na uwezo wa zote mbili. Tafuta kitufe au kishikio cha kubadilishia gia karibu na ncha ya mhimili unaovishwa silinda. Mashine za Amberola 30 zinasoma za dakika 4 pekee, na silinda ya kahawia haina shughuli nazo.

Mashine yenyewe

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa mashine ina subira. Zile utakazokutana nazo zaidi ni za Edison: Gem ndogo, Standard iliyoingia sokoni mwaka 1898, Home iliyo kubwa kidogo, na Triumph yenye kamani kadhaa. Upande wa Columbia kuna Eagle ya mwaka 1897, iliyouzwa dola 10 na kupewa jina la sarafu ya dhahabu ya Marekani ya thamani hiyohiyo.

Kabla ya kutoa fedha, tia ufunguo mizunguko michache tu na usikilize. Mwendo ukiwa wa kusitasita, pengine grisi imeganda ndani ya ngoma ya kamani, jambo ambalo fundi mzoefu hulisafisha. Usijaribu kufungua ngoma hiyo mwenyewe kwa mara ya kwanza: kamani iliyokazwa ikifyatuka hukata vidole. Angalia mkanda wa ngozi, angalia vizito vitatu vya kidhibiti mwendo vinavyopanuka vikizunguka. Kisha angalia kichwa kipo na ni cha aina gani, maana vichwa hupotea na kununua kingine ni ghali. Vichwa na vipuri vilivyomiminwa kwa aloi duni ya zinki huvimba na kupasuka vyenyewe baada ya miaka mingi, na havina dawa ila kubadilishwa.

Kuhusu udanganyifu: pembe za shaba zinazong'aa sana juu ya visanduku vipya vya mbao, zikiwa na nembo mashuhuri, karibu zote ni gramofoni zilizounganishwa juzi kwa ajili ya watalii. Kwa fonografu za silinda, hila hujificha kwenye nembo za kubandika na vibao vya hataza vilivyohamishwa. Binafsi nachagua mashine yenye rangi iliyochubuka na nembo iliyofifia kuliko ile iliyopigwa msasa ikapakwa vanishi. Iliyochubuka bado ni ushahidi.

Kwa nini silinda mbovu inaweza kuwa bora kuliko nzuri

Bei hufuata uzuri na uadimu, na watu hudhani thamani nayo hufuata njia hiyohiyo. Fikiria George W. Johnson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Virginia, miongoni mwa wasanii Weusi wa kwanza kabisa kurekodiwa kibiashara, kuanzia mwaka 1890 hivi. Wimbo wake wa kucheka ulipendwa mno, na kwa kuwa kalibu haikuwepo bado, aliuimba upya mara maelfu. Silinda mbili za kahawia za wimbo huohuo si nakala mbili. Zaweza kuwa siku mbili tofauti za maisha yake: leo kapumua hapa, kesho kacheka kwa urefu zaidi kule. Nyeusi ya kalibu ikivunjika, kuna nyingine mahali fulani. Ya kahawia ikivunjika, tukio zima limefutika.

Hali ni hiyohiyo kwa rekodi za nyumbani. Fonografu, tofauti na gramofoni, iliuzwa ikiwa na uwezo wa kurekodi. Familia zilinunua nta tupu, baba akaimba, mtoto akasoma shairi, mbwa akabweka, wote wakacheka. Hazina lebo wala katalogi, na mara nyingi muuzaji huziweka kwenye kapu la vitu visivyo na maana, akiandika "haijulikani". Mimi kapu hilo ndilo ninalolifungua kwanza.

Wanasayansi nao walitumia nta. Mwezi Machi 1890, Jesse Walter Fewkes alirekodi Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa Amerika, huko Calais, Maine, na hizo ndizo rekodi za kwanza zinazojulikana za mtafiti akiwa kwa watu wenyewe. Hifadhi ya sauti ya Vienna ilianzishwa mwaka 1899, ya Berlin mwaka 1900, na fonografu zikabebwa kila bara. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alikuwa na fonografu kusini mwa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1906. Waliorekodiwa hawakuulizwa sana sauti zao zitakwenda wapi. Miaka ya karibuni Maktaba ya Bunge la Marekani imesafisha upya rekodi za Fewkes kwa kushirikiana na Wapassamaquoddy, na wao ndio wanaoamua kipi kisikilizwe na nani, na kutafsiri maneno ambayo katalogi za zamani zilikosea. Mkusanyaji binafsi akikuta nta ya aina hiyo, naamini wajibu wake wa kwanza ni kutafuta wenye sauti kabla ya kutafuta mnunuzi.

Kuishika, kuihifadhi

Silinda haishikwi kwa nje. Ingiza vidole viwili ndani ya tundu, vitanue taratibu hadi vishike ukuta wa ndani, kisha itoe kwenye kopo. Tundu ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Upande mpana ndio unaotangulia kuingia kwenye mhimili. Isukume polepole mpaka ikatae yenyewe. Usiikaze. Ukimaliza kusikiliza itoe papo hapo, kwa sababu chumba kikipoa nta husinyaa, mhimili wa chuma haukubali kusinyaa nayo, na asubuhi utaikuta imepasuka.

Niliivunja moja kwa upumbavu wa haraka. Ilikuwa ya kahawia, imetoka kwenye sanduku lililolala usiku kucha penye baridi, nami nikaikumbatia kwa kiganja kizima nikitafuta tangazo kwenye karatasi. Nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Ufa ulitoka ukingo hadi ukingo. Joto la kiganja lilipanua upande mmoja huku upande mwingine ukiwa bado baridi, na sabuni ile ngumu haikuwa na pa kwenda. Tangu siku hiyo nta ikifika kwangu hukaa chumbani saa kadhaa ndani ya kopo kabla sijaigusa.

Madoa meupe kama chumvi juu ya nta ni kuvu. Haijakaa juu tu, imekula. Kuifuta hakurudishi kilicholiwa, na kuisugua huongeza uharibifu. Pamba ya ndani ya kopo huhifadhi unyevu, kwa hiyo hifadhi nyingi huziondoa silinda kwenye makopo ya asili na kuziweka kwenye vyombo vipya, huku makopo yakitunzwa pembeni. Zisimamishwe wima, zikilazwa hupinda kwa uzito wake. Mahali pawe pakavu na pa baridi ya wastani, na muhimu kuliko baridi ni kutobadilika. Nta ya kahawia usiioshe kwa kitu chochote. Blue Amberol huvumilia kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwenye uso wake, lakini plasta isiguswe na maji: ikivimba, silinda haitaingia tena kwenye mhimili, au itapasua seluloidi.

Kuisikiliza bila kuila

Kila mchezo kwenye mashine ya zamani hupunguza kitu. Hifadhi kubwa hutumia vifaa vya kisasa vyenye sindano nyepesi, kama Archéophone iliyobuniwa na Henri Chamoux wa Ufaransa. Katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Carl Haber na wenzake walibuni njia ya kupiga picha mifuo kwa usahihi mkubwa na kuisoma kwa kompyuta bila kugusa nta, kiasi kwamba hata silinda iliyovunjika vipande inaweza kusema tena. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka zaidi ya silinda 10,000 mtandaoni bure, pamoja na rekodi nyingi za nyumbani. Na tangu Januari 1, 2022, rekodi zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 1923 ni mali ya umma huko. Anayetaka kuzinakili na kuzisambaza hahitaji ruhusa.

Mwaka 1957 kabati moja ndani ya maabara ya Edison huko West Orange lilikutwa na silinda 17 za nta, zimepasuka na kuchakaa, bila maelezo ya kutosha. Zilikaa zaidi ya miaka 50 hadi zilipochezwa kwa Archéophone na wataalamu wakafuatilia matangazo na majina. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba miongoni mwake kuna sauti ya Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliyerekodiwa Oktoba 1889 na Theo Wangemann, mtu wa Edison aliyezunguka Ulaya na fonografu, na sauti ya jemadari Helmuth von Moltke, aliyezaliwa mwaka 1800.

Kwa hiyo nta ya kahawia isiyo na jina ikifika mkononi mwako, iache izoee chumba, kisha ipige picha kila upande, pamoja na kopo, kifuniko na hata kipande cha karatasi kilichochanika. Usiicheze kwanza ili ujue kama inafaa kunakiliwa. Peleka kwa mwenye kifaa chepesi, na mchezo wa kwanza uwe ndio unaonakiliwa. Mwambie aanze kurekodi kabla sindano haijagusa mfuo, maana jina la mwimbaji, kama lipo, liko katika sekunde tano za mwanzo, na hapo ndipo mifuo huwa imechakaa zaidi.